Sumbawanga, radi na kitabu cha kila mwaka

Ukimwambia mtu wa Dar es Salaam kwamba unaishi Sumbawanga, jibu lake unalijua kabla hajafungua mdomo. Kwanza atacheka. Kisha atakuuliza habari za radi. Mwisho atakuomba usije ukamkasirikia, maana hajui utamtumia nini kwa njia ya mawingu. Utani huu nimeuzoea, na kuna siku hata mimi nacheka. Lakini leo, ndugu msomaji, naomba tuuchukulie kwa uzito kidogo. Nadhani unahusiana na jambo ambalo huwa hatulijadili: nani anaandika hadithi fupi za nchi hii, nani anazichapa, na sehemu kama Ufipa inaingiaje ndani ya vitabu hivyo.

Tuanze na jina. Wazee wengi wa huku wanalieleza hivi: kwa Kifipa, sumba ni kutupa, na wanga ni uchawi. Yaani "tupa uchawi". Ukija hapa, mzigo huo uuache huko huko ulikotoka. Kwa hiyo ni jina la mji unaoukataa uchawi, siyo mji unaoufuga! Na watu walilichukulia jambo hilo kwa dhati. Miaka ya 1963 na 1964 lilipita Ufipa vuguvugu lililoitwa Kamchape. Wahusika walizunguka vijijini wakiwataka watu wazitoe dawa mbaya walizoficha na kuzisalimisha mbele ya wenzao. Habari hizo ziliandikwa na Roy Willis, mtaalamu wa anthropolojia kutoka Uingereza ambaye alikuwa akiishi na Wafipa miaka hiyo. Leo hii ni vijana wangapi wa mjini waliowahi kulisikia neno Kamchape? Utani umebaki, historia yake imeyeyuka.

Sasa tuhamie kwenye kitabu. Vumilieni, mtaona vinakutana wapi.

Tangu mwaka 2000 ipo tuzo ya hadithi fupi za waandishi wa Kiafrika inayoitwa Caine Prize. Imepewa jina la Sir Michael Caine. Siyo yule mwigizaji wa sinema, watu huwachanganya. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa Uingereza, mwenyekiti wa kampuni ya Booker, na kwa karibu miaka 25 aliongoza kamati iliyosimamia tuzo ya vitabu ya Booker. Alifariki mwaka 1999. Mwaka uliofuata tuzo yenye jina lake ilitolewa kwa mara ya kwanza huko Harare, kwenye Maonyesho ya Kimataifa ya Vitabu ya Zimbabwe, na mshindi akawa Leila Aboulela wa Sudan. Zawadi iliyoipa sifa ni pauni 10,000, tena kwa hadithi moja tu yenye maneno kati ya 3,000 na 10,000. Siyo kitabu kizima. Hadithi moja!

Fedha ni nzuri, nani asiyezitaka. Lakini kwa maoni yangu kilichoifanya tuzo hii iwe na nguvu ni kitu kingine. Kwa miaka mingi kila mwaka kilitoka kitabu kimoja. Ndani yake ziliwekwa hadithi tano zilizofika fainali, pamoja na hadithi nyingine zilizoandikwa kwenye warsha. Warsha hizo zilianza mwaka 2003. Waandishi kumi au kumi na wawili hivi kutoka nchi mbalimbali za Afrika hukusanywa mahali patulivu kwa siku kama kumi, wanaandika, wanasomeana, wanakosoana, na kila mmoja anatoka na hadithi yake. Kitabu kikachapwa Uingereza na pia na wachapishaji wadogo wadogo hapa Afrika. Ukivipanga vitabu hivyo kwenye rafu unapata kumbukumbu ya Afrika nzima ikijisimulia mwaka hadi mwaka. Kimoja, cha 2008, kina jina la Jambula Tree, yaani mti wa zambarau, kutokana na hadithi ya Mganda Monica Arac de Nyeko iliyoshinda 2007. Cha 2015 kinaitwa Lusaka Punk. Na cha 2017 kinaitwa The Goddess of Mtwara. Naam, Mtwara hii hii ya kwetu.

Mtwara ilifikaje pale? Mwaka huo warsha ilifanyika hapa Tanzania, na Watanzania walikuwemo kati ya walioandika. Nilipoliona jina hilo kwenye jalada nilifurahi, na papo hapo nikaona wivu. Mtwara na Sumbawanga ni ndugu kwa namna fulani. Zote mbili ziko pembezoni, zote mbili kwa miaka mingi zilikuwa zinafikika kwa taabu. Barabara yetu kutoka Tunduma, zaidi ya kilomita 200, ilikuja kuwekewa lami kwa mradi uliofadhiliwa na Marekani kuanzia mwaka 2008. Kabla ya hapo, wakati wa masika, safari ilikuwa ni dua. Mtwara nayo imebeba utani wake. Lakini Mtwara imepata hadithi iliyobeba jina lake, na kitabu kilichobeba hadithi hiyo kikasafiri. Sumbawanga inasafiri kwa utani tu.

Labda mtasema, basi Wafipa waandike, nani kawazuia? Ni swali la haki. Hebu tuangalie wenzetu walifanyaje.

Kenya wameshinda mara tano: Binyavanga Wainaina 2002, Yvonne Owuor 2003, Okwiri Oduor 2014, Makena Onjerika 2018 na Idza Luhumyo 2022. Tanzania, hadi tuzo ya 2024, hatujashinda hata mara moja. Siamini kwamba Mungu aliwapa Wakenya vipaji akatusahau sisi. Walichokuwa nacho ni mahali pa kuchapa. Binyavanga alishinda kwa maandishi yaliyokuwa yametoka kwenye intaneti, wakati ambapo watu wengi hawakuamini kwamba kitu cha kwenye kompyuta kinaweza kuitwa fasihi. Mwaka uliofuata, yeye na wenzake wakaanzisha jarida la Kwani? pale Nairobi, na hadithi iliyompa Yvonne Owuor ushindi wa 2003 ilitoka ndani ya jarida hilo hilo. Mnaona jinsi gurudumu linavyozunguka? Tuzo ikazaa jarida, jarida likazaa mshindi. Uganda nako kulikuwa na FEMRITE, chama cha waandishi wanawake kilichoanza miaka ya 1990, kilichokuwa kikichapa vitabu vya wanachama wake. Tuzo haitoi hadithi hewani. Inaichukua mahali ilipokwisha kuchapwa.

Na hapa ndipo linapokuja suala la lugha. Tuzo hii inasoma Kiingereza. Kazi iliyotafsiriwa inaruhusiwa, na mwaka 2017 Bushra al-Fadil wa Sudan alishinda kwa hadithi aliyoiandika kwa Kiarabu na kutafsiriwa. Kwa hiyo mlango wa Kiswahili upo, haujafungwa. Lakini hesabu hatua. Kwanza hadithi iandikwe kwa Kiswahili. Kisha apatikane mfasiri mzuri. Kisha apatikane mchapishaji wa kuitoa kwa Kiingereza. Kwa kijana wa Namanyere au Laela aliyezisikia hadithi za bibi yake kwa Kifipa, ongeza hatua moja huko mwanzo. Ni mito mitatu ya kuvuka, na hakuna aliyeweka mtumbwi.

Lakini msidhani kwamba hadithi za Ufipa hazijawahi kuvuka. Zilivuka zamani. Huyo huyo Roy Willis alikusanya masimulizi ya Wafipa, akayatafsiri, na mwaka 1978 yakachapwa na Oxford katika kitabu kinachoitwa There Was a Certain Man. Ni kazi ya heshima, na tumshukuru, maana wengi wa waliosimulia wametangulia mbele ya haki. Tatizo ni njia iliyopitwa. Hadithi zilitoka Kifipa zikaruka moja kwa moja hadi Kiingereza, zikaiacha Tanzania katikati. Hazikutua kwenye Kiswahili, lugha ambayo mwanafunzi wa Kaengesa au Kirando angezisoma. Maduka ya vitabu niliyoyapitia hapa mjini yanauza vitabu vya kiada, Biblia, madaftari na kalenda. Kitabu chenye sauti za mababu zetu sijawahi kukiona kwenye rafu zao.

Kuna simulizi moja kubwa ya Ufipa inayolieleza jambo hili vizuri kuliko mimi. Zamani mtawala alikuwa Milansi, wa ukoo wa Ntatakwa, mtu wa kwanza. Siku moja, mtawala akiwa hayupo, wakaja wanawake watatu wageni kutoka mbali. Mkewe akawakaribisha, na wageni wakakalia kiti cha utawala. Mwenye nyumba aliporudi, mambo yakawa yamekwisha kubadilika. Wageni wale ndio chanzo cha watawala wa Kitwa, ambao baadaye waligawanyika kuwa Nkansi na Lyangalile. Milansi ikabakiwa na heshima ya mambo ya jadi, lakini utawala ukaenda kwa waliokalia kiti.

Mimi nikiisoma simulizi hii nasikia onyo kuhusu kiti chochote kinachoachwa wazi. Kiti cha kuisimulia Sumbawanga tumekiacha wazi muda mrefu. Waliokikalia ni magazeti ya udaku, filamu za uchawi na wachekeshaji. Siwalaumu sana. Walikuta kiti hakina mtu.

Sasa, kuna jibu linalotolewa haraka: tuandike hadithi "nzuri" za Sumbawanga. Mahindi, maharage, ulezi, upepo wa milima ya Mbizi, maporomoko ya Kalambo. Tuwaonyeshe kwamba huku hakuna uchawi. Nafikiri hilo ni kosa, na ushahidi wangu ni mshindi wa 2022. Idza Luhumyo ni binti wa Mombasa. Hadithi yake inamhusu msichana ambaye nywele zake zina uwezo wa kuita mvua, na watu wanaomzunguka kila mmoja anazitaka nywele hizo kwa sababu yake mwenyewe. Mvua ya kuitwa kwa nywele! Ingekuwa imetokea Sumbawanga, gazeti la udaku lingeweka picha ya radi ukurasa wa mbele na kichwa cha habari cha wino mwekundu. Idza hakuikimbia imani ya watu, wala hakuiuza. Aliingia ndani yake na kumkuta mtu: msichana anayebeba mategemeo ya wengine mpaka anachoka. Kitu ni kile kile, utani unakiacha nje na hadithi inaingia ndani.

Na hatari ya kuuza ipo kweli, tusidanganyane. Wakosoaji wengi wa Kiafrika wameilalamikia Caine Prize kwamba inapenda hadithi za dhiki. Helon Habila wa Nigeria, ambaye mwenyewe alishinda mwaka 2001, mwaka 2013 aliandika kwa ukali kuhusu waandishi wanaoipanga Afrika mezani ikiwa na watoto wenye njaa na vita ili mgeni aihurumie. Binyavanga naye baadaye alisema tumeikuza mno tuzo moja ya London na kuzidharau kazi zinazofanywa na majarida yetu wenyewe. Nakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Kijana wa Ufipa akiambiwa kwamba majaji wanapenda maajabu, atawapa radi mpaka wachoke. Dawa ya hilo ni kuwa na kitabu ambacho msomaji wake wa kwanza anaishi Sumbawanga. Huyo huwezi kumuuzia radi. Atakuuliza, wewe umeiona wapi?

Basi je, kitabu cha namna hiyo kwa Kiswahili kinawezekana? Hapa historia inatupa moyo. Mwaka 1948 wakoloni walianzisha Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, na shirika hilo liliendesha mashindano ya kuandika hadithi za Kiswahili. Katika mashindano ya 1957 na 1958, mshindi wa kwanza alikuwa Muhammad Said Abdulla wa Zanzibar. Hadithi yake ilichapwa mwaka 1960. Ni Mzimu wa Watu wa Kale, iliyotuletea Bwana Msa na kiko chake. Bila mashindano yale huenda Bwana Msa angebaki kwenye daftari. Na angalieni alichofanya mwandishi: mahali panapoogopwa kwa mizimu, mauaji yanatokea, na mpelelezi anafumbua fumbo kwa akili na subira, siyo kwa hirizi. Yaani karibu miaka 70 iliyopita, mtu wetu alikwisha kuonyesha jinsi ya kuishika hofu ya watu bila kuidharau wala kuitumikia. Baadaye Idhaa ya Kiswahili ya BBC nayo iliendesha mashindano ya hadithi fupi, na hadithi zilizoshinda zikachapwa na Longman katika vitabu vidogo vidogo. Kwa hiyo kitabu cha hadithi za washindi siyo wazo la kuazima London. Tulikuwa nacho kwa Kiswahili kabla Caine Prize haijazaliwa. Tuliacha tu kukitoa.

Kwa nini kilikatika? Sababu ni nyingi, lakini moja naiona waziwazi: shule. Soko kubwa la vitabu Tanzania ni shule. Kwa miaka mingi fasihi ya Kiswahili ya sekondari ilisimama juu ya mafiga matatu: riwaya, tamthilia na ushairi. Tulisoma Takadini, tukasoma Orodha, tukasoma Wasakatonge. Kitabu cha hadithi fupi hakikuwa na kiti. Kenya ni tofauti. Wao mtihani wa kidato cha nne ulidai diwani ya hadithi fupi, ndiyo maana wachapishaji wao walitoa Damu Nyeusi, kisha Tumbo Lisiloshiba, kisha Mapambazuko ya Machweo. Vijana wao wakakua wakijua hadithi fupi ni nini. Tena baadhi ya hadithi walizosoma zimeandikwa na Mzanzibari, Said Ahmed Mohamed. Wenzetu wamekula mazao ya shamba letu!

Tuzo za Kiswahili zipo siku hizi, tushukuru. Ile ya Mabati-Cornell, iliyoanzishwa 2014 na baadaye kuitwa Safal-Cornell, imewainua waandishi wengi wa Tanzania bara na Zanzibar. Serikali nayo imekuja na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza 2023. Lakini Mabati-Cornell humsubiri mtu mwenye mswada mzima, na aliyeandika riwaya ndiye anayesikika. Mwalimu wa shule ya msingi huko Matai, mwenye hadithi moja ya kurasa kumi aliyoiandika usiku kwa mwanga wa taa ya sola, anaipeleka wapi? Kitabu cha kila mwaka kingekuwa kwa ajili yake. Riwaya inataka mwaka mzima wa uvumilivu na mtu wa kukulipia bili. Hadithi fupi inataka usiku kadhaa na jambo la kusema. Ni fani ya watu wenye kazi nyingine, na huku kwetu karibu kila mwandishi ana kazi nyingine.

Napendekeza hivi. Mkoa wa Rukwa una halmashauri nne: Manispaa ya Sumbawanga, Sumbawanga vijijini, Kalambo na Nkasi. Tukipata hadithi tatu kutoka kila moja tuna kumi na mbili, kitabu kimeshajaa. Majaji wawe walimu wa Kiswahili na wazee wawili wanaojua Kifipa vizuri. Kichapwe hapa hapa kwa karatasi ya bei nafuu, kiuzwe stendi ya mabasi pamoja na karanga na soda. Anayesafiri kwenda Mbeya atakimaliza kabla ya kufika. Mwaka unaofuata tutoe kingine. Jambo la muhimu ni kingine, maana kitabu kimoja ni sherehe, kumi ni historia. Na ikitokea hadithi moja ikapata mfasiri na ikafika London, tutashangilia. Ikiishia Laela, itakuwa imefika kwa mwenyewe.

Zambia iko hapo tu, ukivuka Kasesya. Mwaka 2015 Namwali Serpell akawa mshindi wa kwanza kutoka nchi hiyo, na alipopewa pauni zake 10,000 alitangaza kuzigawana na wenzake wanne waliofika naye fainali, akisema uandishi siyo mchezo wa kushindana. Nalipenda jambo hilo. Linanikumbusha kwamba kitabu chenye hadithi kumi na mbili ni bora kuliko mshindi mmoja.

Nisiwachoshe. Walio Sumbawanga, Namanyere, Matai, Mpui na kwingineko, na ninyi watoto wa Ufipa mlioko Dar, Mwanza na ughaibuni: ni hadithi gani mliyosimuliwa nyumbani ambayo hamjawahi kuiona popote imeandikwa? Ianze leo, hata kama ni kurasa tatu. Kiti bado kiko wazi.